Omo, tezi au kwenye mashine: mota ya umeme ya boti ya kuvulia ifungwe wapi?

Mtu anayetafuta mota ndogo ya umeme kwa ajili ya boti yake ya kuvulia huanza na swali moja: "Ya paundi ngapi za msukumo?" Muuzaji hulipenda swali hilo kwa sababu jibu lake limeandikwa kwenye boksi. Lakini kwa boti ya baharini ambayo tayari ina mashine ya petroli nyuma, swali la kutangulia ni la mahali. Utaifunga omo, kule mbele? Utaifunga tezi, huku nyuma? Au utaipachika kwenye mashine yenyewe? Ukilijibu hilo, urefu wa shafti, idadi ya betri, unene wa waya na sehemu kubwa ya gharama vitakuwa vimeshaamuliwa.

Ninazungumzia boti za faiba za futi 14 hadi 25 zinazovua kwenye pwani yetu: ndani ya hori za Mtwapa na Kilifi, kando ya mikoko, pembezoni mwa miamba ya Unguja, Pemba na Mafia, na pale ukingoni ambapo maji hubadilika rangi ghafla.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi ya mota hii. Haichukui nafasi ya mashine ya petroli. Kasi yake ni noti 3 (maili 3 za baharini kwa saa), labda 4 boti ikiwa nyepesi, kwa hiyo anayekokota rapala, yaani chambo bandia, kwa noti 6 na kuendelea akitafuta nguru au jodari hana faida nayo. Kazi yake ni mbili: kuisogeza boti kimyakimya kando ya mwamba wakati mnarushia kolekole chambo, na kuishikilia boti juu ya jiwe wakati mishipi iko chini kwa changu na chewa, bila kushusha nanga. Hii ya pili ndiyo inayowafanya watu wafungue pochi. Nanga hupotea miambani, huvunja matumbawe, na mkiishusha mita chache nje ya mahali penyewe inabidi muipandishe muanze upya.

## Vipimo vya kuchukua kabla ya kuuliza bei

Uzito wa boti ikiwa imejaa. Kanuni inayotumika sana ni paundi 2 za msukumo kwa kila kilo 45 hivi za uzito wote. Tuchukue boti ya futi 21: faiba kilo 800, mashine 120, petroli lita 80 ambayo ni kama kilo 60, watu wanne 300, kisha barafu, nanga, betri na vikorokoro vingine 170. Jumla ni kilo 1,450. Gawa kwa 45, zidisha kwa 2, unapata paundi 64. Ila kanuni hiyo ni ya maji matulivu. Mota hizi zilikulia maziwani Marekani. Minn Kota, jina kubwa la fani hii, ilianzia Fargo, Dakota Kaskazini, mwaka 1934, na hakuna bahari karibu na mji huo. Kwa bahari yetu mimi huongeza theluthi moja, na boti ile ile inahitaji paundi 85.

Volti. Hili halina mjadala mrefu. Volti 12 hukomea kwenye paundi 55 hivi. Volti 24 hukupa 70 hadi 80 na ushei. Ukitaka kupita 100, unaingia kwenye volti 36.

Kimo cha mahali pa kufungia. Boti ikiwa majini, shusha utepe wa kupimia kutoka pale mota itakapokaa hadi kwenye uso wa maji. Ukipima boti ikiwa juu ya mchanga, kipimo hicho hakina maana.

Mkondo na upepo wa mahali unapovua. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na kwenye milango ya hori maji hayo yote hupita kwenye njia nyembamba. Nenda pale pale unapovua, zima mashine, acha boti ipeperuke, kisha soma kasi kwenye GPS ya simu. Fanya hivyo siku ya maji mafu, kisha siku ya bamvua. Ili boti isimame mahali pamoja, mota lazima iende kasi sawa na hiyo inayokupeperusha. Ikisoma noti 1, mota yoyote iliyopimwa vizuri itamudu. Ikisoma 2, itamudu huku ikinywa betri. Ikisoma 3, hakuna mota nitakayokushauri uitegemee.

Chumvi. Nunua iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, uifunge popote utakapoifunga. Minn Kota huziita Riptide, na ni nyeupe. Zile nyeusi za Endura ni za maji baridi. MotorGuide, Garmin, Haswing na Newport nao wana za baharini. Mota ya maji baridi haitakufa siku ya kwanza, ndiyo maana watu hudanganyika. Hufa polepole kwenye sili (mipira ya kuzuia maji yasiingie) na kwenye viungo vya waya, na dhamana haitakusaidia.

Mahali pa kuchajia. Betri zitashushwa na kubebwa hadi nyumbani? Boti inalala nangani au inapandishwa? Kuna umeme karibu? Watu wengi hulifikiria hili baada ya kulipa.

## Njia ya kwanza: tezini, ya kushika kwa mkono

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Mota ina klampu mbili za kukaza kwa mkono, shafti, na mkono wa kuongozea. Unaining'iniza kwenye ubao wa nyuma, kando ya mashine kubwa.

Nguvu. Nyingi ni za volti 12, paundi 30 hadi 55. Kwa boti ya futi 14 hadi 16 yenye watu wawili, jumla ya kilo 600 au 700, paundi 55 zinatosha na za kuongezea zipo. Kwa ile boti yetu ya futi 21, hazitoshi.

Kuongoza. Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Mota ya nyuma inasukuma. Upepo ukipiga, omo ndiyo inayoyumba kwanza kwa sababu iko juu na ni nyepesi, na wewe huku nyuma unasahihisha kila wakati kwa mkono mmoja, huku mwingine umeshika mshipi. Siku ya matlai, bahari ikiwa imelala, huoni tatizo. Kusi ikianza kuvuma saa nne asubuhi, unaliona. Wazoefu hugeuza kichwa cha mota na kwenda kinyumenyume, tezi ikitangulia kwenye upepo, ili mota ivute badala ya kusukuma. Ndani ya hori inafaa sana. Nje ya mwamba, usifanye: wimbi likiingia kwa nyuma huna kinga.

Kufunga. Kazi ya dakika chache, ila mambo matatu yaangalie. Kwanza, mashine kubwa imekalia katikati, kwa hiyo mota itakaa pembeni. Hakikisha mashine ikigeuzwa kona yote propela zao hazigusani. Pili, ubao wa nyuma wa boti nyingi za hapa ni mnene kuliko mdomo wa klampu; pima kabla ya kununua. Tatu, funga kamba ya usalama kutoka kwenye mota hadi kwenye pete ya boti. Klampu hulegea kwa mtikisiko, na mota ikizama hairudi.

Umeme. Betri moja ya 100 Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachobeba) iliyo karibu na mota, waya mfupi, breka ya ampea 60. Mota ya paundi 55 ikiwa kwenye kasi ya mwisho hunywa ampea 50 hivi. Betri ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo una saa moja ya kasi kamili. Ya lithiamu inakaribia saa mbili. Zile za bei ya chini zenye gia tano mbele na tatu nyuma hupoteza umeme kwenye gia za katikati kwa kuugeuza joto. Zenye kidhibiti cha kuzungusha taratibu hutunza betri zaidi, na tofauti ya bei hairudishi mtu nyumbani.

Chumvi. Faida yake kubwa ni kwamba inatoka. Ukimaliza kuvua unaibeba, unaisuuza kwa maji baridi, unaiweka ndani.

Inamfaa nani. Mwenye boti ndogo, anayevua ndani ya hori na kando ya mikoko, pengine peke yake, na anayetaka kujaribu kabla ya kuzama kwenye gharama. Kwa dola mia chache anapata mota, kisha betri ni juu yake.

## Njia ya pili: omoni, yenye GPS

Hii ndiyo watu wengi huitamani wakishaiona kwa jirani. Mota hufungwa juu ya sitaha ya mbele, hushushwa majini wakati wa kuvua, huongozwa kwa remoti inayovaliwa shingoni au kwa pedali ya mguu. Ukibonyeza kitufe kimoja, inasoma setilaiti na kuishikilia boti ndani ya mita chache za pale ulipobonyeza. Kuna za omoni zisizo na GPS, za kuongozwa kwa pedali na kebo tu. Zinafaa kwa anayerusha chambo akiwa amesimama mbele siku nzima, ila kwa uvuvi wa jiwe sioni sababu ya kulipia ufungaji wote huu halafu ukakosa kitufe hicho.

Nguvu. Volti 24 kwa boti za futi 18 hadi 23, volti 36 kwa kubwa zaidi. Usinunue ya volti 12 yenye GPS ukaifunga kwenye boti ya futi 21 kwa sababu tu ilikuwa na punguzo. Itashikilia asubuhi, jua likipanda na upepo nao, itakuwa inazunguka kwa nguvu zake zote na boti inarudi nyuma.

Kuongoza. Mota ya mbele inavuta, na boti inaifuata kama mbuzi anayevutwa kwa kamba ya shingoni. Omo inabaki kwenye upepo na kwenye mawimbi, mahali ambapo boti ilitengenezwa ikae. Hata bila GPS tofauti ni kubwa. Kipo kitu kimoja ambacho mafundi hukisahau: mota hizi zina dira ya ndani au ya kufungwa kando, na dira hiyo haipendi chuma. Mnyororo wa nanga uliorundikwa omoni chini yake, au spika ya redio, huifanya boti izunguke ikitafuta mahali pake. Hamisha mnyororo kabla hujamlaumu muuzaji.

Kufunga. Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo pesa hupotea.

Anza na urefu wa shafti. Tuseme kutoka kwenye sitaha ya omo hadi majini ni sentimita 75. Ongeza 55 ili propela iwe ndani vya kutosha. Kisha ongeza 30 kwa ajili ya wimbi. Jumla 160. Shafti za omoni za baharini huuzwa kwa inchi, na zinazopatikana zaidi ni 60, 72 na 87, yaani sentimita 152, 183 na 221. Kwa mfano huu nunua ya 72. Ya 60 inaonekana karibu inatosha, na bandarini itatosha. Nje, omo ikipanda na wimbi, propela inatokeza juu, inameza hewa, unasikia mvumo wake ukipanda ghafla, na kwa sekunde hizo hakuna kinachoishikilia boti. Ikishuka tena imeshapoteza mahali, inakimbilia kurudi, betri inaumia. Shafti iliyozidi unaweza kuipandisha kwenye kola yake. Iliyopungua huna la kuifanya.

Pili ni sitaha yenyewe. Boti nyingi zinazofinyangwa hapa kwetu zina gubeti lililochongoka na kupanda juu, bila sehemu bapa mbele. Mota ya omoni inahitaji mahali bapa pa kulalia wakati mnasafiri, na kichwa chake kitokeze nje ya ukingo ili ikishuka isigonge faiba. Kwa boti kama hizo, fundi wa faiba atakujengea jukwaa la plaiwudi ya baharini iliyovikwa faiba na resini pande zote. Kabla hajakata chochote, chora umbo la mota kwenye kadibodi, ukubwa ule ule, uliweke juu ya omo, ulizungushe kuanzia kulala hadi kushuka. Utaona kama reli inazuia, kama kichwa cha kufungia kamba kiko njiani, na kama mwisho wa shafti utamzuia mtu kupita.

Tatu ni kutoboa. Usifunge kwa skrubu za mbao. Tumia boliti zinazopita hadi chini, stenlesi ya daraja la 316, na chini ya sitaha weka bamba la aluminiamu au plaiwudi iliyovikwa faiba ili mzigo utawanyike. Sitaha nyingi zina mbao au povu katikati ya tabaka mbili za faiba. Toboa tundu kubwa kuliko boliti, lijaze resini ya epoksi, ikikauka toboa tena kwa kipimo cha boliti. Kazi hii inaongeza siku nzima na fundi atanung'unika, lakini tundu lisilozibwa huingiza maji kwenye mbao, na baada ya misimu miwili sitaha inabonyea ukikanyaga. Zibia kwa gundi ya polyurethani ya baharini. Silikoni ya bafuni haifai.

Weka pia mpira wa kupunguza mtikisiko kati ya mota na sitaha, na mkanda au kishikio cha kuikamata shafti wakati mnasafiri. Boti ikiruka mawimbi kwa noti 20, mota ya kilo 25 na zaidi iliyolala bila kufungwa inajing'oa yenyewe. Bamba la kuichomoa haraka ni gharama ya ziada, lakini kwa boti inayolala nangani silihesabu kuwa anasa, kwa ajili ya chumvi na kwa ajili ya wezi.

Umeme. Betri ni nzito, na ukiziweka mbele omo inazama. Ukiziweka nyuma waya unarefuka. Hesabu yake hii hapa. Kutoka tezi hadi omo ni mita 6. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 12. Kwa waya wa milimita mraba 10 na ampea 50, unapoteza kama volti 1. Kwa milimita mraba 16, unapoteza 0.65. Kwenye mota ya volti 12, ile volti 1 ni zaidi ya asilimia 8 ya nguvu uliyoilipia. Kwenye volti 24 ni nusu yake. Mimi husema milimita mraba 16 ndiyo ya kuanzia kwa omoni, na iwe shaba iliyopakwa bati. Waya wa nyumbani wa shaba tupu ukiuchuna baada ya mwaka mmoja baharini unakuta unga wa kijani umeingia ndani ya plastiki mbali kuliko ulivyotarajia, na kiungo kina joto ukikigusa.

Breka ya ampea 60 iwe karibu na betri, wala si karibu na mota. Betri za mota zisiwe zile za kuwashia mashine. Siku betri za mota zikiisha, unataka mashine iwake. Ukiunganisha betri mbili za volti 12 kupata 24, usichomoe umeme wa taa au wa kioo cha kutafutia samaki kutoka kwenye moja kati ya hizo mbili, zitatofautiana na kuuana. Na ziwe mbali na tangi la petroli, mahali penye hewa, hasa za asidi, maana hutoa gesi zikichajiwa.

Mota ya paundi 80 kwenye kasi ya mwisho hunywa ampea 56, lakini ikishikilia jiwe siku ya wastani hufanya kazi kwa vipindi. Ukikadiria ampea 15, betri ya 100 Ah ya lithiamu ya volti 24 inakupa saa sita na kitu. Hakikisha tu kidhibiti cha ndani ya betri hiyo kinaruhusu ampea zinazotakiwa bila kukata. Za bei ya chini zilizotengenezwa kwa sola za nyumbani hukata katikati ya kazi.

Chumvi. Haitoki kila siku, kwa hiyo inataka nidhamu. Kila mkirudi, maji baridi bila presha kubwa. Plagi ya omoni ipakwe grisi ya umeme na ifunikwe. Zinki iliyo karibu na propela, kipande kinacholiwa na chumvi badala ya mota, ikaguliwe, ibadilishwe ikiisha nusu, na isipakwe rangi kamwe. Na vua propela mara kwa mara: mshipi hujizungusha nyuma yake, huikata sili, na maji huingia kwenye mota bila wewe kujua.

Inamfaa nani. Anayevua juu ya mawe na kando ya miamba mara kwa mara, mwenye boti ya futi 18 na kuendelea yenye omo inayoweza kubeba jukwaa. Bei ya mota peke yake ni dola elfu mbili hadi nne, na pengine kupita. Betri, chaja, waya na fundi vinakaribia kuwa bajeti nyingine.

## Njia ya tatu: kwenye mashine yenyewe

Mota moja au mbili ndogo hufungwa kwa boliti kwenye bamba lililo juu ya propela ya mashine kubwa. Mkisafiri kwa kasi, bamba huwa usoni mwa maji na mota hazikwami sana. Mkisimama zinazama, na unaziwasha.

Nguvu. Kwa kawaida ni za volti 24 na kuendelea, hivyo hazina unyonge.

Kuongoza. Kwa usukani ule ule wa mashine. Hakuna kitufe cha kushikilia mahali, na bado ni msukumo wa nyuma wenye tatizo lile lile la omo kupeperushwa.

Kufunga. Hakuna jukwaa, hakuna shafti ya kupima, omo inabaki wazi. Lakini unatoboa bamba la mashine, na pale ulipotoboa rangi imetoka, aluminiamu imebaki tupu. Pakeni rangi ya kukinga siku hiyo hiyo. Mashine ndogo za kuinuliwa kwa mkono, kama zile Yamaha Enduro zinazotumika kila ufukwe, zitakuwa nzito kuinua.

Umeme. Waya ni mfupi, betri nyuma. Rahisi.

Chumvi. Mbaya kuliko zote tatu. Haivuliwi kirahisi, na boti ikilala nangani bila mashine kuinuliwa, mota imelala ndani ya chumvi.

Inamfaa nani. Mwenye boti ambayo omo yake ina kazi nyingine: nyavu, reli ndefu, au abiria. Upatikanaji wake si mzuri, na vipuri itabidi uagize, kwa hiyo ningefikiria mara mbili kama sina mtu wa kuniletea.

## Kwa hali yako

Boti ya futi 14 hadi 16, ndani ya hori: tezini, volti 12, paundi 55, betri moja. Kama baadaye utahamia boti kubwa, utaiuza bila kilio.

Boti ya futi 18 hadi 23, mishipi ya chini, watu watatu au wanne: omoni, volti 24, paundi 80 na ushei, GPS, shafti ya inchi 72 isipokuwa utepe wako wa kupimia umesema vingine. Kama fedha hazitoshi kwa yote kwa mara moja, fundi ajenge jukwaa na kupitisha waya mnene sasa, mota ije msimu ujao. Kununua mota kwanza na kuifunga ovyoovyo ukisubiri pesa ya fundi ndiyo njia ya gharama zaidi.

Futi 24 na zaidi, gubeti refu, kilindini: volti 36 na shafti ya inchi 87, au nanga nzuri na kamba ndefu. Kwenye mkondo wa Pemba siku ya bamvua ningechagua nanga, na kama kina hakiruhusu nanga, ningeacha boti ipeperuke huku nikiirudisha kwa mashine.

Boti ya kupeleka wageni kuvua: omoni yenye GPS, kwa sababu wageni wanne wasio na uzoefu hawataki kuambiwa "vuteni mishipi, tunahama" kila dakika kumi. Ila mjue kwamba ukimya haubadilishi mipaka. Ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, kuvua kumekatazwa hata boti ikiwa haitoi sauti yoyote.

Anayetega nyavu: propela ya omoni itazikamata. Ya kwenye mashine inaweza kusaidia wakati wa kuzivuta, lakini wengi wa wavuvi wa nyavu hawahitaji yoyote kati ya tatu hizi.

Asiyekuwa na umeme karibu na boti: anza na betri, si na mota. Lithiamu ya 100 Ah ya volti 12 ina kilo 11 hadi 13 na mtu mmoja anaibeba hadi nyumbani. Ya asidi inapita kilo 25. Chaja ya ampea 20 huijaza ile ya lithiamu kwa saa tano. Paneli ya sola ya wati 200 juu ya kivuli cha boti hutoa kama uniti moja kwa siku ya jua, wakati betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kupata 24 zina karibu uniti mbili na nusu, kwa hiyo anayetoka mara mbili kwa wiki anaweza kuishi na sola peke yake, na anayetoka kila siku hawezi.